Pikipiki ya Kikundi: Tuikinge na Chumvi, na Tumkinge Anayeipanda



Tunapotembelea vikundi siku hizi, kuna swali linalorudi kila mahali: "Pikipiki yetu mbona imezeeka mapema hivi?" Kikundi kimechanga kwa muda mrefu, au kimechukua mkopo, kikanunua pikipiki mpya ya kubeba samaki, nazi, maji au abiria. Mwaka wa kwanza inaingiza pesa. Mwaka wa pili cheni inalia, mataa yanazimika-zimika, keria imeliwa na kutu, na mfuko wa kikundi unaanza kuvuja kwa fundi. Mkopo bado unalipwa, na chombo kimelala chini ya mwembe.

Lipo swali la pili ambalo haliulizwi sana, ingawa ni zito zaidi. Mbona mama zetu wanaangushwa na leso zao wenyewe? Mbona watoto wanachunwa visigino na gurudumu?

Katika makala hii twataka kuyajibu maswali yote mawili pamoja, maana majibu yake ni ndugu. Vitu vinavyoikinga pikipiki isiozе na vitu vinavyomkinga mtu asiumie, vingi twaweza kuviangalia na kuvitengeneza wenyewe kijijini, kwa spana chache, matambara, na fundi wa kuchomelea aliye karibu. Yale ya kumwachia fundi wa injini tutayataja pia.

ADUI WETU WA PWANI

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa. Hilo ni kila mahali, hata Nairobi. Lakini hapa kwetu kuna chumvi, nayo hufanya kazi mbili. Kwanza, inavuta unyevu kutoka hewani. Mwajua vile chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika hata kama kopo limefunikwa. Basi chuma chenye chumvi juu yake hakikauki sawasawa. Pili, maji ya chumvi huiharakisha kutu kuliko maji matamu. Ndiyo maana msumari uliomwagiwa maji ya bahari huoza upesi kuliko ule ulionyeshewa na mvua.

Wengi hudhani chumvi ni shida ya wale wa ufuoni tu. Hebu tuhesabu njia inazopitia. Kuna upepo wa baharini, uwe wa kusi au wa kaskazi. Kuna wale wanaopitisha pikipiki juu ya mchanga wa Diani maji yakipwa. Na kuna mzigo wenyewe: samaki wa Gazi, Shimoni na Vanga, na mwani wa Kibuyuni. Barafu ya samaki ikiyeyuka, yale maji hudondoka juu ya keria, yakashuka kwenye cheni, springi na breki ya nyuma. Pikipiki ya kule bara, ambayo haijawahi kuiona bahari, yaweza kuozeshwa na kreti la samaki.

Mchanga nao una kazi yake. Mchanga mweupe wa pwani yetu ni matumbawe na magamba ya bahari yaliyosagika. Ukinasa kwenye oili ya cheni unakuwa msasa. Kila gurudumu linapozunguka, cheni inasuguliwa. Kwa wenzetu wa Kinango adui ni vumbi, na kwa wale wa Shimba Hills ni tope la udongo mwekundu, lakini kazi ni ile ile.

KUOSHA: KAZI YA KWANZA

Pikipiki iliyobeba samaki au mwani, au iliyopita ufuoni, ioshwe siku hiyo hiyo, isingoje Jumamosi. Ifanyeni hivi:

1. Acheni injini ipoe. Maji baridi juu ya injini moto si mazuri.

2. Tumieni maji matamu. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Onjeni kwa ulimi. Kama ni ya chumvi, tumieni maji ya mvua au ya mfereji. Ndoo moja yatosha mkitumia kopo na kitambaa.

3. Mwagieni kwa upole kuanzia juu kwenda chini. Zile mashine za kuoshea magari zenye nguvu husukuma maji mpaka ndani ya beringi, yakaitoa grisi. Msilenge kamwe kwenye ekseli za magurudumu, kwenye mataa wala kwenye kisafisha hewa.

4. Sabuni iwe kidogo, kisha msuuze mpaka iishe. Angalieni chini ya madigadi, chini ya keria na nyuma ya injini. Mahali pasipoonekana ndipo kutu inapoanzia.

5. Fungeni breki na kuziachia mara kadhaa mkiendesha polepole, zikauke. Pikipiki iliyotoka kuoshwa au kuvuka mto haishiki breki vizuri mara moja.

6. Ikikauka, pitisheni kitambaa chenye oili safi kidogo juu ya nati, springi na sehemu zilizochubuka rangi. Msipake oili kwenye breki, kwenye tairi, wala mahali pa kukanyaga.

Kwa upande wa mzigo, dawa ni rahisi. Samaki na mwani mbichi ubebwe ndani ya ndoo au dramu la plastiki lenye mfuniko, lisilovuja. Hilo moja tu litaipunguzia pikipiki yenu kutu nyingi.

Vichwa vya betri mvisafishe na kuvipaka grisi au vaselini baada ya kuvikaza. Unyevu wa chumvi ukiingia pale, mnaona unga wa kijani au mweupe, na pikipiki inakataa kuwaka. Watu hununua betri mpya, kumbe tatizo lilikuwa waya tu.

CHENI: MKUFU WA RIZIKI

Kabla hatujasema lolote: INJINI IZIMWE. Wengine huweka pikipiki kwenye stendi kubwa, wakaiwasha na kuitia gia ili cheni ijizungushe wakati wanaipanguza kwa kitambaa. Kitambaa kinavutwa, na kidole kinafuata. Cheni inakata kidole kama muwa. Zungusheni gurudumu kwa mkono, polepole, gia ikiwa huru.

Safisheni cheni kwa brashi na mafuta ya taa kidogo. Petroli msitumie, maana inashika moto upesi. Panguzeni ikauke, kisha tieni oili ya gia, ile nzito ya namba 90, tone kwa tone upande wa ndani wa cheni. Baada ya dakika kumi futeni ile iliyozidi. Oili inatakiwa ndani ya maungio. Ile inayobaki nje ni gundi ya mchanga tu.

Na oili chafu iliyotolewa kwenye injini? Hapana. Ina chembe za chuma na masizi, na kwa cheni ni sawa na kuipaka msasa.

Kisha pimeni ulegevu. Isukumeni cheni juu na chini kwa kidole, katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi za kazi inatakiwa icheze kama sentimita 2 hadi 3. Kitabu cha pikipiki yenu ndicho cha mwisho. Zungusheni gurudumu mpime mahali pengine pia, kwa sababu cheni iliyochoka hulegea huku na kukaza kule. Pimeni pale ilipokaza zaidi. Cheni iliyokazwa kupita kiasi hula beringi na sproketi. Iliyolegea sana huchomoka, na ikichomoka barabarani huweza kufunga gurudumu la nyuma.

Mkirekebisha, alama za upande wa kushoto na wa kulia ziwe sawa, la sivyo gurudumu litakaa upande. Mkishakaza nati ya ekseli, pimeni tena, na mwangalie kama breki ya nyuma bado iko sawa.

Tazameni pia ile klipu ndogo ya kiungo cha cheni. Upande wake usio na mdomo ndio utangulie kule cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, yaweza kukwaruzwa na kutoka.

Meno ya sproketi yakichongoka kama meno ya papa, badilisheni cheni na sproketi zote mbili pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi mbovu haidumu.

OILI, HEWA, BREKI NA MATAIRI

Oili ya injini. Pikipiki nyingi za bodaboda, kama Boxer na TVS, zina klachi inayofanya kazi ndani ya oili ile ile ya injini. Kwa hivyo tumieni oili iliyoandikwa kuwa ni ya pikipiki ya injini ya mipigo minne, na namba yake iwe ile iliyo katika kitabu. Baadhi ya oili za magari zina vilainisho vinavyoifanya klachi iteleze. Pimeni oili asubuhi, injini ikiwa baridi na pikipiki ikiwa imesimama wima. Kitabu hutaja kilomita za kubadilisha. Pikipiki inayobeba mizigo mizito kwenye vumbi isingoje mpaka kilomita ya mwisho.

Kisafisha hewa. Hiki ndicho pua ya injini. Kama ni cha sponji, kiosheni kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji. Kikamueni kwa kukibonyeza, msikisokote, maana kitapasuka. Kikikauka, tieni oili safi kidogo na kukibonyeza tena. Kama ni cha karatasi, hakioshwi. Kung'uteni vumbi, na kikichoka nunueni kingine. Kuendesha pikipiki bila kisafisha hewa ili "ipate nguvu" ni kuilisha injini mchanga.

Breki. Vumbi la ndani ya breki msilipulize kwa mdomo. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji. Breki ikianza kulia kwa sauti ya chuma kwa chuma, hiyo safari isiendelee.

Matairi. Kwa Boxer na zinazofanana nayo, upepo wa mbele huwa karibu 25, na wa nyuma karibu 28 ukiwa peke yako au 32 ukibeba abiria. Kipimo cha mkono hununuliwa mara moja, na kikundi kizima chaweza kukitumia. Tairi laini hupasuka pembeni na kula petroli. Tairi gumu mno huteleza kwenye kokoto.

KIKINGIO CHA NGUO NA CHENI

Sasa twafika kwenye lile swali la pili. Tazameni pikipiki mpya ya kutoka India, upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Kuna chuma kama dirisha kimefungwa pale. Wenyewe hukiita sari gadi, kwa sababu ya sari, lile vazi refu la mama wa Kihindi. Hakikuwekwa kwa urembo. Kanuni za magari za India za mwaka 1989, kanuni ya 123, zinataka pikipiki ya kubeba abiria iwe na kikingio kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Zinataka pia mahali pa kushika na mahali pa kukanyaga.

Na sisi je? Sisi ni watu wa leso, buibui, dera na kanzu. Mavazi yetu yahitaji kikingio kile kuliko ya watu wengine. Lakini kikingio ndicho cha kwanza kufunguliwa, ili ipatikane nafasi ya keria pana au mtungi wa nne wa maji. Kava la cheni nalo likivunjika haliji tena.

Mkumbuke kwamba kwa pikipiki nyingi hizi cheni iko kushoto na ekzosi iko kulia. Mama akikaa kwa ubavu, miguu kushoto, ncha ya leso inaning'inia juu ya cheni na spoki. Upepo ukiipeperusha, inashikwa. Gurudumu halijui kuachia. Huvuta nguo mpaka iishe, na mwenye nguo hufuata. Jambo hili halichagui maskini wala tajiri. Mwaka 1927, huko Nice, Ufaransa, mcheza dansi mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alikufa pale shali yake ndefu iliponaswa kwenye gurudumu la gari alilopanda.

Kwa watoto hatari ni ya kisigino. Mtoto mguu wake haufiki pa kukanyagia, basi unaning'inia karibu na spoki. Kisigino kikiingia, ngozi inachunwa na mfupa huweza kuvunjika. Kidonda cha kisigino hukawia sana kupona.

Kama kikingio cha kiwandani bado mnacho, kirudisheni leo. Kama kimepotea, fundi wa kuchomelea aweza kutengeneza kingine. Mwelezeni hivi:

- Fremu iwe ya chuma cha mviringo, nayo ijazwe wavu wa chuma wenye matundu madogo, kiasi kwamba kidole cha mguu wa mtoto hakipiti.

- Ifunike kuanzia karibu na pa kukanyagia abiria mpaka nyuma, nusu ya gurudumu au zaidi, na kutoka chini ya kiti hadi karibu na ekseli. Tengenezeni pande zote mbili, maana mtoto ana miguu miwili.

- Ifungwe kwa bolti na wosha za kukaza, pale palipokuwa na bolti za kiwandani. Fremu ya pikipiki yenyewe isichomelewe wala kutobolewa. Moto hudhoofisha chuma cha fremu.

- Kabla ya kuchomelea chochote kilicho kwenye pikipiki, toeni waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Bora zaidi kazi yote ichomelewe chini, kisha ifungwe.

- Ncha zote zipigwe tupa ziwe butu. Kikingio chenye makali ni kisu kingine.

- Kisha pimeni. Watu wawili wazito wakae, waruke-ruke. Gurudumu lizungushwe kwa mkono. Wavu usiguse tairi, cheni wala mkono wa breki. Acheni nafasi ya gurudumu kurudi nyuma cheni itakapokazwa.

- Palipochomelewa pasuguliwe, papakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu rangi ya kawaida mara mbili. Bila hivyo chumvi italila ungio lile kabla ya mwaka.

Kava la cheni lifanyiwe vivyo hivyo.

Hata kikingio kikiwepo, dereva awe na desturi ya kutazama nyuma kabla ya kuondoka na kusema, "Mama, kusanya leso." Ncha zote za nguo zikaliwe au zifungwe kiunoni. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, naye akae kwa kupanua miguu, mmoja huku na mmoja huku. Twajua kwa akina mama wengi hilo lina ugumu wa heshima na mavazi. Wengine huvaa suruali ndani ya dera au buibui na kupanda hivyo bila kuvunja heshima yoyote. Lizungumzeni katika kikundi, akina mama wenyewe wakiwa ndio wasemaji.

VIKINGIO VINGINE

Ekzosi. Iwe na lile bamba la kuzuia joto, na bolti zake zikazwe. Abiria apande na kushuka upande wa kushoto. Mtu akiungua, mguu umwagiwe maji safi ya kupoa kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Kidonda kikiwa kikubwa au cha mtoto mdogo, nendeni hospitali.

Bampa la miguu. Lile la mbele ya injini husaidia pikipiki inapoanguka. Liwe la kufungwa kwa bolti, lisipite upana wa usukani, wala lisiguse barabara mkikata kona. Kama ni la bomba, ncha zizibwe kabisa kwa kuchomelewa, maana maji ya chumvi yakiingia ndani ya bomba huoza kutoka ndani, nanyi mnaona rangi safi nje.

Madigadi na raba. Kipande cha tyubu kuukuu ya lori, kikifungwa chini ya madigadi ya mbele, huzuia tope na mchanga usirushwe kwenye injini. Zile raba za mikunjo zinazofunika shoki za mbele zikipasuka, badilisheni. Mchanga ukikwaruza chuma kile king'aacho, sili zinaanza kuvuja oili.

Keria. Keria kubwa si ruhusa ya mzigo mkubwa. Mzigo mzito nyuma ya ekseli hunyanyua gurudumu la mbele, na usukani unakuwa mwepesi kama wa kuota. Mzigo ukae chini na mbele iwezekanavyo, usizibe taa ya nyuma. Kamba za mpira zisiache ncha inayoning'inia.

Mwavuli. Ule mkubwa wa kufunga juu ya pikipiki hufaa mkiwa mmesimama steji. Mkitembea, hasa barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga ambako malori hupita kwa kasi, upepo huushika kama tanga la dau. Heri koti la mvua.

Kofia. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinamtaka dereva awe na kofia ngumu na koti linalong'aa, na abiria vilevile. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu, na isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kugonga. Kama akina mama wanaona vibaya kuvaa kofia iliyovaliwa na wengine, kila mmoja afunge kitambaa chake safi chepesi ndani yake.

YA KUMWACHIA FUNDI

Kujitegemea si kufungua kila nati. Kufungua injini, kurekebisha vali, kunyosha fremu iliyopinda, kufunga upya spoki na kutafuta hitilafu ya waya, hayo mwacheni fundi aliyesomea au aliye na uzoefu wa miaka. Lakini mmoja wenu asimame pale atazame, na vipuri vilivyotolewa mvidai mvione. Fundi mwema hachukii kutazamwa.

OILI CHAFU NA VISIMA VYETU

Oili iliyotolewa kwenye injini inakwenda wapi? Wengi huimwaga nyuma ya nyumba. Ardhi yetu ya pwani ni mawe ya matumbawe na mchanga. Kinachomwagwa juu hushuka chini upesi, na chini ndiko yaliko maji ya visima vyetu, na ya visima vya Tiwi vinavyowanywesha watu wengi wa pwani ya kusini. Kusanyeni oili hiyo katika mtungi uliofungwa na kuandikwa "SUMU", uwekwe mbali na watoto, kisha upelekwe kwenye gereji inayoikusanya. Nawi mwenye kutoa oili, nawa mikono kwa sabuni. Oili chafu ikizoea kukaa kwenye ngozi miaka na miaka yaweza kuleta saratani ya ngozi.

DAFTARI NA MFUKO

Pikipiki ya watu wote mara nyingi huwa si ya mtu yeyote. Kila mmoja hudhani mwenzake ameitazama. Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu.

La kwanza, daftari. Liandikwe tarehe, kilomita, kilichofanywa, pesa zilizotumika, na jina la aliyefanya. Mkiona cheni tatu zimenunuliwa kwa mwaka, daftari litawaambia kuna jambo.

La pili, mtu wa zamu. Kila juma mwanachama mmoja, mwanamke au mwanamume, aitazame pikipiki asubuhi pamoja na dereva: oili, cheni, breki, matairi, mataa, vikingio, nati zilizolegea. Ni kazi ya dakika kumi.

La tatu, mfuko wa matengenezo, mbali na mfuko wa mkopo. Dereva akitoa shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa siku 26 ni shilingi 1,300 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 15,600. Pesa hizo zikiwepo, hakuna atakayesema, "Tuendeshe hivyo hivyo, breki tutaweka mwezi ujao."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa pikipiki ni mdogo sana: tone la maji ya samaki, klipu iliyolegea, wavu uliofunguliwa ili mtungi mmoja uingie. Ukuta wake ni deni la kikundi kizima, au mguu wa mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Twendeni nje tuitazame pikipiki yetu. Ni vikingio gani vilikuwepo siku ilipokuja, na sasa viko wapi? Nani aliviondoa, na kwa sababu gani?

2. Maji tunayooshea ni matamu au ya chumvi? Tutapata wapi maji matamu wakati wa kiangazi?

3. Akina mama mnasemaje juu ya kukaa kwa kupanua miguu, na juu ya kofia? Tukubaliane nini katika kikundi chetu?

4. Nani atashika daftari, na zamu itaanza kwa nani?

Kikundi kitakachotengeneza kikingio chake, tafadhali mtuletee mchoro na gharama, ili vikundi vingine vijifunze kwenu katika toleo lijalo. Kazi njema, na safari salama.